Soko la Umeme la California

Mkulima wa mahindi aonapo bei imeshuka huweza kuyaweka magunia yake ghalani akangoja. Mwuza umeme hana ghala la namna hiyo. Mpaka hivi karibuni, karibu umeme wote ulipaswa kutumiwa papo hapo uzalishwapo. Ndiyo sababu, ewe msomaji, bei yake sokoni yaweza kuruka mara kadhaa kati ya asubuhi na jioni, na kuibashiri ni kazi ngumu.

Utazame jimbo la California, nchini Marekani, lililofungua soko la umeme mwaka wa 1998. Kila siku wenye mitambo walitaja bei za saa za kesho, na wanunuzi wakataja kiasi walichohitaji. Bei ya mtambo wa mwisho uliohitajika ndiyo waliyolipwa wote. Aliyetaka kuibashiri alitazama joto la siku ijayo, maji ya mabwawa na bei ya gesi. Mwanzoni megawati-saa moja, yaani yuniti elfu moja, iliuzwa kwa kiasi cha dola 30.

Mwaka wa 2000 maji yalipungua kaskazini, na gesi ikapanda bei. Hayo yalihesabika. Lakini mwezi wa Desemba bei ya wastani ilipita dola 300! Hapo palikuwa na jambo lisilopimwa kwa kipimajoto, nalo ni nia ya wauzaji. Umeme ukikaribia kutotosha, mtu akizima mtambo mmoja kwa kisingizio cha matengenezo, iliyobaki humletea faida kubwa zaidi. Januari 2001 mfanyabiashara wa kampuni ya Enron alimpigia simu mwendesha mtambo huko Las Vegas, akamwomba abuni sababu ya kuuzima. Mazungumzo hayo yalirekodiwa, yakatangazwa mwaka wa 2005.

Makampuni ya kugawa umeme yalinunua ghali, na sheria ya 1996 ikayazuia kuwapandishia wateja wengi bei. Januari hiyo taa zilizimwa kwa zamu, soko likafungwa, na tarehe 6 Aprili kampuni ya Pacific Gas and Electric ikaomba mahakamani hifadhi ya mufilisi.

Mwezi wa Juni serikali kuu iliweka kikomo cha bei katika majimbo ya magharibi, nazo bei zikashuka. Wako wasemao kwamba zilishuka kwa kuwa watu walipunguza matumizi. Hilo ni kweli kwa sehemu; lakini naona kikomo kile kiliwaondolea wenye mitambo sababu ya kuizima.