Springi za Motokaa za Safari

Leo somo letu la historia ni juu ya motokaa. Labda mmoja wenu atauliza, motokaa na historia wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Mwalimu wenu ameandika maneno matatu ubaoni: springi, shokomzoba, ekseli. Yasomeni pamoja naye.

Springi ni chuma kinachobeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubonyea. Likishuka, springi hujinyosha. Lakini springi ikiachwa peke yake haijui kutulia. Kama umepata kupanda basi bovu, unajua: likiingia shimoni linaruka, kisha linaruka tena, na tena, mpaka abiria washike matumbo. Kazi ya kuituliza springi ni ya shokomzoba. Ndani yake mna oili na pistoni yenye matundu madogo. Oili hupita kwa shida katika matundu hayo, na nguvu ya ule mruko hugeuka kuwa joto. Likumbukeni neno hili, joto.

Sasa tuingie katika historia. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa huko Uingereza, wenye motokaa wa Afrika ya Mashariki walianzisha mashindano ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yaliitwa East African Safari. Katika miaka ya 1960 yalifanyika siku za Pasaka, wakati wa masika, na njia ilikuwa karibu kilomita 5,000 za vumbi, mawe na tope. Mwaka 1963 waliondoka zaidi ya 80, wakafika 7. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: waliofika ni 7 tu.

Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka, wakarudi mikono mitupu. Wenyeji wa hapa ndio walioshinda, kwa kuwa walizijua njia. Lakini mimi naona pia kwamba walijua gari la namna gani linafaa njia hizo, na hili si jambo dogo.

Fundi wa mashindano ya lami hupenda springi ngumu na gari la chini, ili lisilale kwenye kona. Lipeleke gari hilo kwenye barabara yenye makunyanzi kama bati la kuezekea. Magurudumu yatarukaruka bila kushika ardhi, na gurudumu lisiloshika ardhi halipigi kona wala halifungi breki. Basi, je, tuweke springi laini sana? La. Gari litabonyea mpaka mwisho, na jiwe litapasua bakuli la oili chini ya injini. Tuliinue juu sana? Likifika kwenye kona kali litapinduka. Ndiyo maana kuchagua springi ni kutafuta mahali pa katikati, na anayekosea anaweza kulipa kwa roho yake.

Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili katika hizo dereva wake alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Nyuma ilikuwa na ekseli moja ngumu, lakini springi zake zilikuwa za kuviringishwa, zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Haikuwa gari la mbio sana. Ilikuwa gari la kufika. Mwaka 1971 ilishinda Datsun 240Z, ambayo kila gurudumu lake lilipanda na kushuka peke yake. Na mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje kushinda, kwa Ford Escort. Nyuma, Escort ile ilikuwa na springi za mabapa yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama za lori! Kwa hiyo msidhani kwamba springi ya namna mpya lazima ishinde ya zamani.

Tangu mwaka 2003 magari ya zamani ya namna hii yameshindana tena katika mashindano yao wenyewe, na mafundi wanarudia kazi ile ile. Kwanza huchagua springi kwa kufuata uzito wa gari likiwa limepakiwa magurudumu ya akiba, vifaa na petroli, si likiwa tupu. Kisha hurekebisha shokomzoba. Hubadili kitu kimoja tu, halafu huliendesha gari katika njia ile ile. Ukibadili viwili pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Gari likirudi, fundi mzee huinama na kuzikaribia shokomzoba kwa mkono, polepole asiungue. Zile zilizo moto zimefanya kazi. Ikiwapo moja iliyo baridi, hiyo ndiyo huifungua.