Picha ya Mtu Aliyeketi (rangi za mafuta)

Picha ya mtu aliyeketi ni zoezi ambamo mwanafunzi wa uchoraji humchora kwa rangi za mafuta mtu aliyekaa mbele yake. Usukumani sura za watu zilichorwa ukutani: mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Katika Afrika Mashariki, mafunzo ya uchoraji chuoni yalianzia Makerere, Uganda, alikofundisha Margaret Trowell tangu 1937. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma baadaye katika chuo cha sanaa cha Slade, London, na akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza.

Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji atumie dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule kwao jua halipiti upande huo. Kwa Shinyanga na Geita, zilizo chini ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta, shauri hilo ni la kupotosha. Mwezi Juni jua huingia kwa dirisha hilohilo. Desemba huingia kwa la kusini. Heri kubadili dirisha kwa msimu, au kukaa barazani asubuhi. Adhuhuri haifai: mwanga hugonga ua mweupe, ukapanda na kung'arisha kidevu kwa chini, huku macho yakizama gizani.

Kitambaa cha amerikani kilichowambwa kwenye fremu hupakwa gundi kwanza, maana mafuta huozesha nyuzi za pamba. Miguu ya mtu na ya kigoda huzungushiwa chaki sakafuni ili baada ya mapumziko arudi palepale. Wanafunzi wengi hukimbilia uso. Waanze na nyonga. Asiyeonekana kukikalia kigoda ataelea tu, hata sura ifanane vipi.

Ngozi nyeusi haitoki kwenye kopo la rangi nyeusi. Huchanganywa kahawia iliyoiva, buluu na nyekundu kidogo, na kwenye paji la uso huachwa mng'ao wa buluu ya anga. Tabaka la kwanza huzimuliwa kwa tapentaini. Yanayofuata huongezewa mafuta. Ukigeuza mpangilio huo, picha itapasuka.

Rangi hizi hukauka kwa kushika oksijeni ya hewa, polepole. Kiangazi vumbi huganda juu yake, hivyo picha mbichi igeuziwe ukutani. Varnishi isubiri miezi 6 hadi 12.