Wastani wa Alama na Mlango wa Udaktari

Kila mwaka, matokeo yakishatoka, wanafunzi hunijia ofisini na swali moja: "Mwalimu, GPA yangu inatosha?" Nami huwafanyia hesabu ileile: alama ya kila kozi hugeuzwa kuwa pointi, pointi huzidishwa kwa uzito wa kozi, kisha jumla hugawanywa kwa jumla ya uzito wa kozi zote. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mzigo inaobebeshwa ndio mzito, na historia ya Marekani inatupa ushahidi.

Mwaka 1973, Allan Bakke, mhandisi mwenye umri wa miaka 33, aliomba kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis. Nafasi zilikuwa 100. Chuo kilitazama wastani wa aina mbili: wa masomo yote na wa masomo ya sayansi pekee. Katika kipimo ambacho kilele chake ni 4.0, Bakke alikuwa na 3.46 na 3.44. Katika mkondo wa kawaida, mwombaji mwenye wastani chini ya 2.5 aliondolewa bila hata kuitwa kwenye usaili. Nafasi 16 zilitengwa kwa waombaji wa jamii za wachache waliotoka katika mazingira duni, na kwao kizingiti hicho hakikutumika. Waliopokewa kwa njia hiyo mwaka ule walikuwa na wastani wa 2.88. Bakke alikataliwa, akaomba tena mwaka 1974, akakataliwa tena. Akaenda mahakamani.

Wengi husimulia kisa hiki na kukomea hapo. Mimi huwaomba wanafunzi wangu watazame tarakimu moja zaidi. Mwaka 1974, waliopokewa kwa mkondo wa kawaida walikuwa na wastani wa 3.29 katika masomo yote. Bakke aliwazidi hao pia. Kwa maneno mengine, hata katika zile nafasi 84 wamo waliopita wakiwa na GPA ndogo kuliko yake, kwa kuwa chuo kilipima pia usaili, mtihani wa kujiunga na barua za mapendekezo. Hao hawakulalamikiwa. Lawama iliangukia nafasi 16.

Tarehe 28 Juni 1978, Mahakama ya Juu iliamuru Bakke apokewe. Majaji waligawanyika. Hoja ya Jaji Lewis Powell ndiyo iliyoshika: kutenga idadi maalumu ya nafasi kwa misingi ya rangi ni kosa, ila rangi yaweza kuwa jambo mojawapo la kuzingatiwa. Jaji Thurgood Marshall, yuleyule aliyewashauri wajumbe wa Kenya kuhusu katiba jijini London mwaka 1960, alipinga sehemu ya hukumu hiyo. Aliwakumbusha wenzake kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka 200 iliyopita katiba yao, kama mahakama hiyo ilivyoitafsiri, haikuzuia ubaguzi dhidi ya watu weusi. Bakke alihitimu udaktari mwaka 1982. Mwaka 2023, mahakama hiyohiyo iliufunga karibu kabisa mlango ambao Powell aliuacha wazi.

Nasi Tanzania tumewahi kuyumba na namba hizi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa GPA. Mapema mwaka 2016 Serikali ikarejesha madaraja tuliyoyazoea. Watoto walikuwa walewale, na shule zisizo na maabara zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kuwapanga foleni.

Sisemi kwamba alama zitupwe. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa na daktari aliyefaulu kemia. Ninachosema ni kwamba wastani hutueleza mwanafunzi amefika wapi, lakini hautuelezi alianzia wapi wala nani alimbebea mizigo njiani. Kwa hiyo ndugu zangu mnaokaa kwenye kamati za udahili, mnapochora mstari penye 3.5 au 3.0, je, mnaweza kumweleza aliyekosa kwa nukta moja kwa nini mstari umepita hapo?