Tarehe ya Kiti cha Kamukunji

Hii ni habari ya kiti cha ubunge cha Kamukunji, Nairobi, kama ilivyopokewa kwa wazee wa Majengo. Imeandikwa kwa sababu ndugu zetu wa jimbo la Starehe hawachoki kudai kwamba Tom Mboya ni wao, eti kwa kuwa aliuawa upande wao na sanamu yake iko Moi Avenue. Sanamu hiyo ilizinduliwa 2011. Kura alizipata miaka mingi kabla ya hapo, na hakuzipata kwao. Tangu Mei 1963 hadi alipokufa, Mboya alikuwa mbunge wa Nairobi Central, na Nairobi Central ndiyo Kamukunji hii.

Asili ya kiti ni uchaguzi wa Machi 1957, Mwafrika alipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua mjumbe wake wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane nchi nzima, na Nairobi ilipewa kimoja. Si kila mtu aliruhusiwa. Ulipimwa kwa elimu, kwa mshahara, kwa mali, kwa umri, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hata kura tatu peke yake. Mkikuyu aliongezewa sharti lake: awe na cheti cha kuonyesha kwamba ni mtiifu kwa serikali, kwa maana vita vya Mau Mau vilikuwa havijapoa. Mboya, kijana wa miaka 26 aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi, alimshinda Clement Argwings-Kodhek, wakili aliyejulikana mjini kwa kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau. Wote wawili walikuwa Waluo, na ajabu ya Mungu, wote wawili walikufa mwaka mmoja, 1969: Argwings-Kodhek mwezi Januari kwa kile kilichoitwa ajali ya barabarani, Mboya mwezi Julai. Mtaani hakuna mzee aliyeikubali hiyo ajali.

Wakati huo serikali ya mkoloni haikuruhusu vyama vya nchi nzima, ila vya wilaya tu. Mboya akaunda chama chake cha Nairobi, People's Convention Party, na nguvu yake ikakaa Eastlands. Wazee husema hakuwa mtu wa kusubiriwa. Saa aliyotaja ndiyo aliyofika. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi, aliyosaidia kuiandaa, ikaenda Marekani na vijana 81, na baada ya hapo kila mama mwenye mtoto aliyesoma alimjua Mboya kwa jina.

Sasa tufike Februari 1961, ambako hoja yetu yote imesimama. Mboya aligombea Nairobi East. Wapiga kura wengi humo walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake, Dkt. Munyua Waiyaki, alikuwa daktari, Mkikuyu wa ukoo mkubwa, tena mwanachama wa chama cha KANU kama yeye. Wakubwa wengine ndani ya KANU walitaka Mboya aanguke. Hesabu ya kabila ilikuwa imekwisha kupigwa na jibu lilikuwa wazi kwa kila mwenye akili. Masanduku yakafunguliwa: Mboya kura 31,407, Waiyaki 2,668. Anayesema leo kwamba mji huu haujapata kumchagua mtu kwa kazi yake, na aanze kwa kuzieleza hizo kura elfu thelathini na moja.

Jumamosi, Julai 5, 1969, baada ya saa saba mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, akapigwa risasi. Alizikwa kisiwani Rusinga. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa kwa kosa hilo, na swali la nani alimtuma halijaondoka vijiweni hadi leo.

Mwisho wa mwaka huo kiti kilichukuliwa na Maina Wanjigi, akakishika tena 1974. Mwaka 1979 alikuja Nicholas Gor. 1983 Wanjigi akarudi.

1988 ulikuwa mwaka wa mlolongo. Katika mchujo wa KANU wakala alisimama uwanjani ameinua picha ya mgombea wake, watu wakajipanga nyuma yake, karani akapita akihesabu vichwa. Aliyekuwa nyuma yako alijua umesimama na nani, na bwana mwenye nyumba yako pia. Nchi nzima ililalamika kwamba mistari mifupi ilitangazwa mirefu. Wanjigi alipita.

Lakini asidharauliwe, maana ana sifa moja ambayo wengi wameisahau. Mei 1990 askari wa jiji na matingatinga walivamia kijiji cha Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, wakabomoa vibanda. Watu walisema kuna waliokufa, serikali ikakana. Wanjigi alikuwa waziri wakati huo. Aliwatetea watu wake hadharani, na Rais Moi akamfukuza kazi. Waziri kupoteza bendera ya gari kwa ajili ya watu wa vibanda! Tangu hapo hatujaona mwingine.

Wiki chache baadaye, Julai 7, uwanja wetu wa Kamukunji ukawa wa Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi. Waliouitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini siku tatu kabla, mkutano haukuwa na kibali, na watu wakaja hata hivyo.

1992 akaingia George Nthenge, mmoja wa wazee sita waasisi wa vuguvugu la upinzani la FORD, kwa tikiti ya FORD-Asili ya Matiba. 1997 na 2002, Norman Nyagah.

Ya 2007 si ya kujivunia. Vurugu zilizuka katika kuhesabu, na Bunge lilipofunguliwa Januari 2008 kiti chetu kilikuwa kitupu. Simon Mbugua alikipata baadaye, mahakama ikaubatilisha ushindi wake, na Agosti 18, 2011 ukafanyika uchaguzi mdogo. Akashinda Yusuf Hassan Abdi, mwandishi wa habari wa zamani na Msomali. Desemba 2012 bomu lililipuka Eastleigh karibu na msikiti, likamvunja mguu. Miezi mitatu baadaye alichaguliwa tena, kisha 2017, kisha 2022.

Mluo, Mkikuyu, Mkamba, Membu, Msomali: wote wamepita hapa. Hivi sasa wafuasi wa Yusuf hudai ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Kwa kuchaguliwa amelingana na Wanjigi, mara nne kwa nne. Kwa miaka, Wanjigi alikaa kumi na tisa kwa zamu mbili, na Yusuf atakuwa na kumi na sita 2027.