Choo cha Mwaloni: Tulikotoka na Deni Tulilobaki Nalo

Ndugu wana Ukerewe, mliopo nyumbani na mlio mbali, mwaka huu chama chetu kinawaomba mchango kwa ajili ya vyoo vya mwaloni. Wapo watakaosema choo si jambo la kuchangisha watu. Tunaomba kwanza tukumbushane tulikotoka.

Zamani ufukwe ulikuwa mpana na watu wachache. Aliyebanwa alienda vichakani au nyuma ya mawe, na mambo yakaisha. Mwaka 1973 redio ikatuletea kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, lakini ililenga nyumbani. Mwalo si nyumba ya mtu, na choo kisicho na mwenyewe hakichimbwi.

Miaka ya 1980 sangara akajaa ziwani, na baadaye viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza. Kambi za wavuvi zikafurika watu kutoka kila upande. Nyavu ziliongezeka, mitumbwi ikaongezeka, vyoo havikuongezeka.

Gharama yake tuliiona mwishoni mwa mwaka 1997. Kipindupindu kilipozuka Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa ziwa letu. Mwaka 1999 zuio likaja tena, safari hii kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Hapo ndipo masharti ya mialo yalipokazwa: sakafu safi, uzio, maji salama na choo. Vikundi vya BMU vikapewa kazi ya kusimamia usafi. Ila masharti yalifuata soko. Mialo iliyoteuliwa kupokea samaki wa viwandani ilijengewa. Mialo mingi ya dagaa, wanakoshinda mama zetu na dada zetu wakianika, ilibaki nyuma.

Sheria hazikukosekana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inadai choo bora. Ugumu uko ardhini. Ukichimba mchangani karibu na maji, shimo linaota maji kabla hujafika kiunoni. Ukisogea juu, unakuta mwamba. Shimo la kawaida hapo humwaga uchafu wake ziwani polepole, tena bila kuonekana.

Wenzetu wa jijini wanaujua mwamba huo. Katika mitaa ya milimani kulikuwa na tabia ya kutapisha vyoo mvua ikinyesha, uchafu ukateremka hadi Mto Mirongo na kuingia ziwani. Mabatini na Igogo walipitishiwa mabomba membamba juu ya mawe, yakaungana na mtandao wa jiji. Sisi wa visiwani hatuna mtandao wa kuunganisha, na kwenye visiwa vidogo visivyo na kivuko cha magari, gari la maji taka halifiki. Kwetu kinachofaa ni tangi la zege lisilovuja, lililojengwa nje ya zile mita 60, lenye vyumba viwili: kimoja kikijaa kinafungwa kikauke, kingine kinatumika. Na lazima awepo mtu wa kulitunza.

Tusipofanya hivyo, kichocho kitaendelea kutudai. Mayai yake hutoka na kinyesi, huingia majini, hukulia ndani ya konokono, kisha minyoo hupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayeosha vyombo. Dawa za shuleni hutibu, lakini mtoto akirudi kwenye maji yale yale anaambukizwa upya.

Ndugu zetu, ufukwe huu ndio uliotulipia ada. Wengi wetu tulisomeshwa kwa dagaa walioanikwa na mama aliyejizuia tangu alfajiri hadi giza liingie, kwa kukosa mahali pa kujisitiri. Hilo ndilo deni letu. Tuanze kulilipa.