Mzee aliyengoja miaka 58 aaminiwe

Wasee, kabla uniambie ati kitu kikiruhusiwa kuuzwa basi hakina shida, skiza hii stori ya Marekani.

Mwaka wa 1911, kampuni ya sabuni, Procter & Gamble, ilianza kuuza mafuta ya kupikia kwa jina Crisco. Yalitoka kwa mbegu za pamba. Mafuta ya aina hiyo huwa majimaji, lakini ukiyapitishia gesi ya haidrojeni yanaganda, yanakuwa meupe kama mafuta ya nguruwe, na hayaharibiki haraka. Kampuni ikagawa vitabu vya mapishi bure, na kina mama wakaambiwa hiyo ndiyo pishi ya kisasa.

Shida iko hapa: ukiyagandisha nusu nusu, unapata mafuta ya transi. Hayo yanapandisha kolesteroli mbaya, yanashusha ile nzuri, na mishipa ya moyo inaumia polepole bila wewe kuhisi chochote.

Mwaka wa 1957, Fred Kummerow, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika na wenzake katika jarida la Science kwamba mafuta haya yamepatikana ndani ya miili ya watu. Akaonya. Nani alimskiza? Lawama yote ilikuwa inaendea siagi na nyama. Majarini ikauzwa kama mkombozi wa moyo.

Ni 1990 ndipo watafiti wa Uholanzi walionyesha vile mafuta hayo yanaharibu kolesteroli pande zote mbili. Denmark ikaweka kikomo 2003. Marekani bado. Mwaka wa 2009, Kummerow akiwa na miaka 94, aliandikia FDA, wale wanaosimamia chakula huko, akitaka yapigwe marufuku. Kimya. 2013 akawapeleka kortini. 2015 wakakubali, mzee akiwa na miaka 100. Maze! Alifariki 2017.

Piga hesabu: kutoka 1957 hadi 2015 ni miaka 58. Muda huo wote biskuti, keki na chipo ziliendelea kuuzwa kihalali, na watu wakaendelea kuzikwa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usinichukulie kama daktari. Lakini nimejifunza kwamba "imeruhusiwa" na "ni salama" si kitu kimoja. Leo jioni ukiingia duka la mtaani, geuza ile pakiti ya biskuti unayopenda. Ukiona mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, irudishe kwa rafu. Halafu kuja hapa utuambie umepata nini.