Shaka Imnufaishe Nani? Historia ya Uamuzi wa Rufaa za Fidia ya Ulemavu ya Maveterani nchini Marekani, 1933–2025

Utangulizi

Ahadi ya taifa kwa askari aliyepata ulemavu akilitumikia hupimwa siku ombi lake la fidia linapokataliwa. Hapo ndipo hujulikana iwapo alichokuwa akidai ni haki au ni hisani. Makala haya yanachunguza namna rufaa za fidia ya ulemavu zilivyoamuliwa nchini Marekani tangu mwaka 1933. Tunadai kwamba historia hiyo inatawaliwa na maswali matatu: nani aamue, shaka imnufaishe nani, na uamuzi utolewe baada ya muda gani. Kila mageuzi yalijibu swali moja na kuliacha jingine likiwa zito zaidi.

Enzi ya milango iliyofungwa

Katika karne ya 19 pensheni ya kijeshi ilitazamwa kuwa hisani ya serikali. Sheria ya mwaka 1864 iliweka kikomo cha dola 10 kwa ada ya wakili wa mdai, nia ikiwa kuwakinga askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe dhidi ya mawakala walafi. Mnamo Machi 1933, wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, sheria ya kubana matumizi ilipunguza mafao na kuzizuia mahakama kuyapitia maamuzi ya Utawala wa Maveterani. Julai mwaka huohuo Rais Franklin D. Roosevelt aliunda kwa amri yake Bodi ya Rufaa za Maveterani, ambayo ndiyo ingetoa neno la mwisho.

Bodi hiyo, hata hivyo, ilikuwa sehemu ya taasisi ileile iliyokuwa imelikataa ombi. Wahenga walionya dhidi ya kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Kwa miaka 55 ndivyo mambo yalivyokuwa. Kikomo cha dola 10 nacho kilidumu, ingawa thamani ya dola ilikuwa imeporomoka. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilikihalalisha kwa hoja kwamba utaratibu huo haukuwa wa mabishano: ofisi ilipaswa kumsaidia mdai, hivyo hapakuwa na haja kubwa ya wakili. Kilichoanza kama kinga kikawa kizuizi.

Mageuzi ya mwaka 1988

Shinikizo lilitoka kwa wale ambao majeraha yao hayakuonekana kwa macho. Maveterani wa Vita vya Vietnam waliodai kudhuriwa na kemikali ya Agent Orange, pamoja na wale waliopigwa na mnururisho wa majaribio ya nyuklia, walitakiwa kuonyesha uhusiano kati ya utumishi wao na maradhi yaliyojitokeza miaka mingi baadaye. Katika mashauri ya aina hiyo shaka haikwepeki, na anayeipima shaka ndiye hasa anayeamua.

Sheria iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan tarehe 18 Novemba 1988 iliunda mahakama maalumu iliyo nje ya taasisi hiyo na kukifuta kikomo cha dola 10. Mlango wa mahakama hiyo hufunguka upande mmoja tu: veterani anaweza kuupinga uamuzi wa Bodi, lakini Idara ya Masuala ya Maveterani haiwezi. Sheria hiyo pia iliilazimu Bodi kueleza kwa maandishi sababu za uamuzi wake. Zaidi ya hayo, iliingiza katika sheria kanuni kongwe ya utawala kwamba ushahidi wa pande mbili unapokaribiana kwa uzito, shaka imnufaishe mdai. Mwaka 1990 mahakama hiyo ilifafanua kuwa ombi haliwezi kukataliwa isipokuwa ushahidi unaolipinga umeuzidi uzito ule unaoliunga mkono.

Haki iliyocheleweshwa

Uhuru wa mwamuzi ulikuja na gharama yake. Mahakama ilipobaini kasoro, aghalabu ililirudisha jalada kwa Bodi, nayo Bodi mara nyingi ililirudisha katika ofisi ya eneo ili ushahidi zaidi ukusanywe. Kwa kuwa ushahidi mpya uliweza kupokewa karibu katika kila hatua, jalada lilizunguka kwa miaka. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2008, veterani alipofariki rufaa yake ilikoma, na warithi waliostahiki walilazimika kufungua dai lao wenyewe.

Shauri moja linatosha kuonyesha uzito wa suala hili. Veterani wa Vita vya Korea, aliyekwisha kutambuliwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 kwa sababu ya ugonjwa wa akili, aliomba mafao ya ziada mwaka 2001 ili apate uangalizi nyumbani. Bodi ilikataa mwaka 2004. Alipeleka rufaa mahakamani akiwa amechelewa siku 15 baada ya ukomo wa siku 120, akieleza kwamba ugonjwa wenyewe ndio uliomchelewesha. Rufaa ilitupwa. Machi 2011 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ukomo huo hauinyimi mahakama mamlaka ya kusikiliza. Mrufani alikuwa amefariki Oktoba 2010.

Sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Februari 2019, ilikusudia kulivunja zunguko hilo. Sasa anayekataliwa huchagua njia moja kati ya tatu: kuleta ushahidi mpya wenye uhusiano na dai, kuomba afisa wa ngazi ya juu aupitie upya ushahidi uliopo, au kwenda kwenye Bodi. Akichukua hatua ndani ya mwaka mmoja baada ya kila uamuzi, tarehe ya awali ya kuanza kulipwa hailazimiki kupotea. Muda umepewa nafasi yake, lakini mzigo wa kuchagua njia sahihi umemwangukia mdai.

Hitimisho

Swali la shaka halijafungwa. Machi 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba iwapo ushahidi unakaribiana kwa uzito ni suala la ukweli zaidi kuliko la sheria. Hivyo mahakama maalumu itaingilia tu pale Bodi ilipokosea waziwazi. Kwa sehemu kubwa, mizani imebaki mikononi mwa chombo kilichoundwa mwaka 1933.

Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba kuunda chombo huru cha rufaa ni mwanzo tu. Ni lazima sheria itamke nani anabeba hatari ya ushahidi usiokamilika, ilazimishe sababu kuandikwa, na iweke utaratibu ambao mdai mgonjwa anaweza kuufuata na kuuona mwisho wake angali hai.